Mtakatifu Aliyebandikwa kwa Unga

Unga wa ngano ukichemshwa na maji mengi, kabla haujashika, unatoa harufu ambayo si ya chakula na si ya uchafu. Ni harufu ya kitu kilichotaka kuwa uji kikakataa. Niliisikia juzi hapa Kakuma nikitoka sokoni na mjukuu wangu Akai, na miguu yangu ikasimama yenyewe kama ya punda aliyeona nyoka.

Ilitoka kwenye sufuria ya Mkongo mmoja mwenye ukumbi wa video, ule wa mabati ulio karibu na wauza mitumba. Alikuwa anabandika bango la sinema mpya. Alisema gundi ya dukani jua letu linaikausha upesi, bango linaanguka, lakini unga unashika. Kweli unashika. Mimi najua unavyoshika kuliko yeye.

Kwenye bango kulikuwa na sista. Kilemba cheusi, kitambaa cheupe kwenye paji la uso, rozari mkononi. Lakini macho yake yalikuwa meusi yote, hayana weupe, na mdomo umefunguka ukaonyesha meno kama ya mamba wa ziwani. Nyuma yake kuna msalaba uliogeuzwa miguu juu.

"Huyu sista amefanya nini?" nikamuuliza Mkongo.

"Mama, haiko mutu wa kweli," akasema, brashi ikidondosha unga. "Ni pepo imevaa nguo ya masista. Filme ya kuogopesha tu. Unataka kuingia? Wazee nawaachia bure."

"Niingie kutishwa bure? Kutishwa nimetishwa vya kutosha, na nililipa."

Akai akacheka mpaka akashika ukuta. "Ata," akasema, maana kwetu nyanya ni ata, "wewe ungemwangalia huyo sista hivyo unavyoniangalia mimi, angetoka hapo ukutani mwenyewe."

Mama wa Sudan Kusini anayeuza chai ng'ambo ya njia hakucheka. Kila akiinua macho alipiga ishara ya msalaba, halafu akaendelea kumimina chai, halafu akapiga tena. Nilimwelewa. Picha ikishaingia machoni huwezi kuiambia kwamba ni ya uongo. Inaingia na viatu vyake.

Nyinyi wa rika langu mnajua. Sisi tulimjua mtakatifu kwa picha kabla hatujamjua kwa jina. Kusoma hatukusoma, au tulifika darasa la pili tukarudishwa kwa mbuzi. Picha ndiyo ilikuwa kitabu chetu. Basi aliyeleta picha ndiye aliyetufundisha, awe padre au awe mtu wa sinema, na hakuna aliyetuambia kwamba hao ni watu wawili.

Nimeyaangalia mabango ya sinema maisha yangu yote, na nasema watu hawa wana njia mbili tu za kumchora mtu wa Mungu. Zamani alikuwa mwanamke mzuri anayeungua. Moto miguuni, macho juu, midomo imepakwa rangi, na jasho hana. Siku hizi ni pepo ndani ya nguo ya sista. Ama afe akipendeza, ama aje akuume. Sijawahi kuona bango la mtakatifu ambaye midomo imempasuka kwa kiu. Sijaona hata mmoja mwenye mbavu.

Yule wa kwanza, wa kuungua, nilimwona Lodwar nikiwa sina meno ya mbele.

Tulitoka upande huu huu wa Kakuma, wakati Kakuma ni maduka machache na mto mkavu, hakuna kambi, hakuna Mkongo, hakuna Msudani. Ukame ulikuwa umekaa mpaka watu wakasahau kuulalamikia. Ng'ombe walikufa kwanza, halafu kondoo, halafu mbuzi mmoja mmoja, tukala nyama mpaka nyama ikaisha na mifupa ikalia kwa upepo. Baba akachukua ngamia waliobaki akaelekea Lokiriama kutafuta majani. Alisema tumfuate akituma habari. Habari haikuja, na baba mwenyewe hatukumwona tena.

Mama akatushika tukaenda Lodwar kwa miguu, kwa sababu ilisemekana misheni inagawa unga wa njano na mafuta. Tulikuwa mimi, mama, na Akiru mgongoni. Akiru kwetu ni mvua. Mdogo wangu alizaliwa na manyunyu ya mwisho, yale yaliyolowesha vumbi tu yakaondoka, akapewa hilo jina, na nadhani watu waliliona jina hilo kama kumkumbusha Akuj, Mungu wetu, kwamba ana kazi hajaimaliza.

Sasa sikizeni habari ya shanga, maana bila shanga hamtaelewa nilichokiona ukutani. Mwanamke wetu wa wakati ule shanga zake zilianza mabegani zikapanda mstari juu ya mstari mpaka chini ya kidevu. Hazitoki. Analala nazo, anazaa nazo, anazipaka mafuta na udongo mwekundu. Mwanamke akija kwa mbali unamjua kwa shanga kabla hujaona uso. Mama alikuwa na nyingi, alizopewa na baba na mama yake, na alipogeuza kichwa alikigeuza polepole kama mtu anayebeba maji.

Njiani aliziuza. Kila penye duka mstari mmoja ulibaki, tukapata kibaba cha unga au sukari ya kumlambisha Akiru. Tulipoingia Lodwar shingo ilikuwa wazi. Ilikuwa nyembamba, na rangi tofauti kabisa na ya uso, kama udongo ulio chini ya jiwe ukiliinua. Mama alitembea ameinamisha kidevu ili watu wasiione. Mimi nilikuwa namwonea haya, na nilikuwa na hasira pia, sijui kwa nani.

Tulijenga kibanda cha vijiti na magunia pembeni ya mji, pamoja na wengine wengi waliofika kama sisi. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mzee anaitwa Apua, mvuta ugoro, mwenye mdomo. Watoto wake wote walikuwa wamekwisha, na kitu pekee alichobaki nacho ni maneno. Asubuhi tulikwenda kwenye mstari wa misheni. Mchana tulitwanga tunda la mkoma, lile gumu, ukitafuna unaona kama unakula kamba. Jioni upepo ulileta mchanga, tukafunika kichwa tukangoja.

Akiru alikuwa anaharisha na kukohoa. Alikuwa ameacha kulia. Hiyo ndiyo ilimtia mama hofu, kwa sababu mtoto anayelia bado anadai kitu.

Kwenye misheni kulikuwa na katekista, Mturkana mwenzetu, jina lake Petro, mtu mpole aliyevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Wakati tunangoja uji alitufundisha kwa picha. Alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa kunjwa, ndani yake mwanamke mwenye kilemba na mikono imeshikana. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na duara la nuru.

"Huyu ni mtakatifu," Petro akasema. "Yuko kwa Mungu. Mama ambaye mtoto wake ni mgonjwa, amwambie huyu, yeye atamwambia Mungu."

"Kwa nini tusimwambie Mungu wenyewe?" Apua akauliza.

"Unaweza. Lakini huyu yuko karibu."

"Ah. Kama mke mdogo," Apua akasema, na wanawake wakacheka kidogo. Kicheko cha watu wenye njaa ni kifupi, hakifiki tumboni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona lile duara. Nilijua ni nini. Ni shanga. Mstari juu ya mstari wa shanga za njano, zinang'aa, isipokuwa mchoraji alikuwa mtu wa mbali asiyejua wanawake huvaa wapi, akaziweka nyuma ya kichwa. Nilimwambia mama, huyu bado anazo zote. Mama akaangalia sana. "Ndiyo," akasema. "Anazo." Hakuna aliyenisahihisha, na Petro alikuwa amekwisha kukunja karatasi.

Halafu bango likaja. Mjini kulikuwa na mwenye duka mmoja kutoka huko chini ambako sisi tulikuita Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Watu walimwita Kofia kwa sababu hakuivua hata akila. Nyuma ya duka alikuwa na ua, mashine ya sinema na shuka jeupe, na wenye mishahara, askari na makarani, waliingia humo kutazama. Sisi tuliona ukuta wa nje tu, wa mabati. Asubuhi moja nilipita hapo nikamkuta ameondoka tu na sufuria, ukuta bado umelowa, na juu yake mwanamke mkubwa kuliko mama, mkubwa kuliko mlango.

Kilemba cheupe. Mikono imefungwa kwa kamba. Moto unampanda mpaka magotini. Macho yameenda juu, na machozi mawili yamesimama shavuni bila kuanguka. Na nyuma ya kichwa, duara, pana kama ungo, la rangi ya dhahabu. Shanga zote hizo. Nikaelewa mara moja kwamba yule wa Petro alikuwa mdogo kwa sababu ni mtoto, na huyu ndiye mama mtu.

Kwenye ukingo wa karatasi unga mbichi ulikuwa umetoka, mweupe, mzito. Nikaugusa. Nikaulamba. Haukuwa na chumvi, haukuwa na kitu, lakini ulikuwa chakula. Nilikwangua kwa kucha ukingo wote niliofikia, nikaufinyanga kidonge, nikakimbia nacho kibandani. Nikamtia Akiru mdomoni. Akakaa nacho. Halafu koo lake likapanda likashuka.

"Umempa nini?" mama akaniuliza.

"Chakula. Kimetoka kwa mama wa ukutani. Anatoka unga."

Mama hakunipiga na hakucheka. Aliangalia lile koo. Mtoto alikuwa amekataa ziwa, amekataa uji wa misheni, na sasa amemeza. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Akamfunga mgongoni akaniambia nimwongoze.

Kabla jua halijawa kali wanawake wengi walikuwa pale ukutani. Hakuna aliyejua sala za Petro vizuri, basi walifanya wanavyojua. Walimtemea mate ya baraka, yale mepesi ya kunyunyiza, kama unavyombariki mtoto anayeondoka. Mmoja alifunga uzi wa ngozi kwenye msumari. Mama alikuwa na mafuta ya misheni kwenye kikopo, mgawo wetu wote wa kupikia. Akachovya vidole akampaka yule mwanamke mikononi kwenye kamba, na mashavuni, na miguuni penye moto, kwa sababu mtu aliyeungua anapakwa mafuta. Mafuta yakaingia kwenye karatasi. Pale yalipoingia pakawa peusi halafu pakaanza kuangaza, mpaka ukaona mabati kupitia shavu lake. Tulidhani anaitikia.

"Huyu mtoto anyonye," mama alimwambia. "Sitaki kingine. Mimi sikuombi mbuzi. Anyonye."

Kofia akatoka na ufagio. "Nyinyi wanawake, mnafanya nini na bango langu? Hii karatasi imetoka Kitale. Nitaonyesha watu nini, madoa?"

"Tunampaka mafuta," Apua akamwambia. "Wewe umemfunga kamba, umemwasha moto, umemwacha juani. Sisi ndio wabaya?"

"Huyo si mtu, mama. Ni sinema."

"Kama si mtu mbona unawatoza watu kumwona?"

Kofia akashusha ufagio. Nadhani aliona umati, na umati mbele ya duka si hasara, hata ukiwa hauna kitu mfukoni. Akarudi ndani. Toka hapo alituacha, ila alipiga kelele tukifika kwenye uso.

Petro ndiye alikasirika. Alikuja na viatu vyake vikubwa akasimama kati yetu na bango, mikono ameitandaza. Alisema huyo hakuwa mtakatifu, alikuwa mwanamke wa kulipwa huko ng'ambo, amevikwa kilemba, amewashiwa moto wa bandia, jioni akaenda nyumbani akala nyama.

Apua akamtazama. "Na yule wa karatasi yako, wewe ulimwona akifa?"

"Hapana."

"Basi sisi na wewe tuko sawa. Pisha, unamtia kivuli."

Mimi leo najua Petro alisema kweli. Lakini siku ile alikuwa mtu aliyeshiba kidogo anawaambia wasiokuwa na kitu kwamba hata hicho kimoja si chao. Ukweli ukiletwa hivyo haumezeki. Na alipoona hatumsikii, aliinama karibu na mama akasema polepole jambo la maana zaidi, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma mama tangu tufike.

"Mpeleke Akiru wodini kwa Sista. Atamwekea maji ya mshipa. Usichelewe."

Mama akakaza kanga mgongoni. Wodini alikuwa amekwenda siku ya kwanza, akarudi naye. Sista alikuwa mwema, mwekundu wa jua, na Kiturkana chake kilikuwa cha salamu tu, ejok, ejok, halafu ishara za mikono. Lakini wodini mtoto anaachwa kitandani na mama anakaa nje ya uzio. Na mtoto akiingia, kamba zote zinakatwa ili aoshwe. Akiru alikuwa na kamba ya ngozi shingoni, yenye vipande vya mti, aliyofungwa na emuron wetu, yule anayeota na kujua, kabla hatujaondoka. Mama aliamini hiyo kamba ndiyo inamshika mtoto asitoke. Shingo yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kuvuliwa. Hakuweza kuivua na ya mtoto.

Kwa hiyo tulibaki na ukuta. Kila asubuhi nilikwangua unga. Ulikuwa umekauka sasa, unatoka kama magamba, una mchanga, nikauloweka kwa mate yangu nikampa Akiru. Watoto wengine walijua, wakaja na vijiti, na mbuzi wa Kofia naye akaja akala kona moja, pamoja na kidole cha mguu cha mtakatifu. Mama alimpaka mafuta mpaka kikopo kikaisha. Uji wetu ukawa bila mafuta. Akiru alimeza siku nyingine, siku nyingine hakumeza. Macho yake yalikuwa makubwa, yameenda juu kidogo, na mimi nikaona yanafanana na ya yule wa ukutani, nikafurahi. Mungu anisamehe furaha ile. Nilidhani wanatazamana.

Mama alianza kuzungumza na ukuta kama unavyozungumza na mke mwenza aliyejaliwa. Alimwambia, wewe una zote, sikuombi hata ushanga mmoja, nipe tu huyu anyonye. Alimwambia, najua kuungua, usidhani sijui. Siku moja alikaa tu, amegusa mabati kwa kisogo chake, mabati ya moto, na hakusogea. Nilimvuta mkono. Ulikuja mkono, yeye hakuja.

Halafu asubuhi moja nikasikia tena harufu ya unga mbichi. Nilikimbia. Watoto walikuwa wamenitangulia, wanalamba kingo, unga umewajaa puani. Nilitaka kujipenyeza, nikainua macho, nikasimama.

Alikuwa yeye. Uso ni ule ule, ile pua, yale macho, midomo ile ile. Kofia alikuwa amebandika bango la sinema nyingine juu ya lile la kwanza, na alikuwa ni mwanamke yule yule wa kulipwa, lakini mimi ningejuaje? Niliona kwamba aliyekuwa pale jana amebadilika. Kilemba hakipo. Nguo haipo, amebaki na kitambaa kidogo cha kifuani na kingine cha kiunoni. Sigara mdomoni, bastola mkononi. Na nyuma ya kichwa hakukuwa na kitu. Anga tu, bluu.

Kupitia karatasi mpya madoa ya mafuta yetu yalikuwa yameanza kutokeza, pale ilipokuwa mikono, pale ilipokuwa miguu.

Nilimwita mama. Alikuja na Akiru, na Apua nyuma. Nikamwonyesha.

"Ameuza," nikasema. "Mama, ameuza shanga zake zote."

Mama alimtazama kuanzia juu mpaka chini. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye shingo yake, pale penye rangi nyingine.

"Na nguo pia," akasema.

"Kama amefika kukaa uchi na kuvuta sigara," Apua akasema, lakini bila nguvu, "njaa ya kwao imezidi yetu." Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakungoja tucheke.

 Mama sikumwona akilia. Nilichokiona ni kwamba alimwonea huruma yule mwanamke. Alimtemea mate ya baraka kifuani, mepesi, kama unavyombariki mwenzako mnapoachana njia panda, kila mtu na shida yake. Kisha akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Kakuma alitembea kidevu kimeinuka, shingo wazi, watu wote waone, na alikwenda moja kwa moja misheni, haraka mpaka nikawa nakimbia.

Wodini alimfungua Akiru mgongoni akamweka mikononi mwa Sista. Sista akachukua mkasi. Mama akasema, "Ngoja," akaikata kamba yeye mwenyewe, kwa meno.

Tulikaa nje ya uzio. Ulikuwa uzio wa miiba na tuliona ndani kupitia mlango. Walimtafuta mshipa mkononi hawakuupata, wakautafuta kichwani. Chupa ilikuwa inaning'inia, maji yanashuka tone, tone. Mchana Sista akatoka akamwita mama kwa mkono, na akamruhusu kuingia ijapokuwa haikuruhusiwa. Mama alimpa ziwa. Nilimwona mama akigeuka kunitafuta mlangoni, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mbuzi waishe. Akiru alikuwa amenyonya. Hakukuwa na maziwa ya maana humo, lakini alinyonya, kwa nguvu yake, akadai.

Alikufa kabla ya jua kuinama. Petro alitoka kutuambia, na alikuwa amevua viatu.

Sasa kwetu, wakati ule, mtoto hakuzikwa. Wala mtu mzima wa kawaida hakuzikwa. Alipelekwa porini, watu wakahama. Kaburi lilikuwa la mkubwa, baba wa boma, au mama aliyezaa akaozesha, mtu ambaye ukoo hautaki aende mbali. Huyo alilazwa chini, mawe yakawekwa juu, na kila apitaye alidondosha tumbaku kidogo, akamsalimia, akamwambia shida yake. Misheni hawakujua hayo. Wao walizika kila mtu. Walichimba kishimo kidogo nyuma ya kanisa, karibu na vingine vingi, wakamweka mdogo wangu, wakapanga mawe, wakasimamisha vijiti viwili vilivyofungwa msalaba.

Mama alisimama hapo watu wakaondoka. Aliyatazama yale mawe kwa muda. Nilidhani anaona uchungu tu. Lakini alikuwa anafikiri. Akamgeukia Apua akanyoosha mkono, na Apua, ambaye ugoro wake hakumpa mtu hata kwa kubembelezwa, akafungua kikopo akampa wote.

Mama akachuchumaa. Akaidondosha tumbaku juu ya mawe, polepole, kama inavyopasa. Akasalimia kwa salamu ya wakubwa, ile ndefu, ambayo mtoto hasalimiwi. Akangoja, kama unavyongoja mzee aitikie. Kisha akanivuta kwa bega akanisimamisha mbele.

"Mzee," akamwambia Akiru, "huyu ndiye amebaki. Mwangalie ale."

Akanisukuma kidogo nimsalimie na mimi. Nikamsalimia mdogo wangu kwa jina la mkubwa, upepo ukipita kwenye mapengo ya meno yangu, kwa sababu mama alikuwa ananitazama, na kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumwomba.